Maiti Italia, Ndugu Guangzhou

Nilitumwa Guangzhou kwa sababu binamu yangu Haruna alikuwa hapokei simu, na mdogo wake Shabani alikuwa ndani ya jokofu la maiti katika mji mmoja wa bandari nchini Italia. Shabani alikuwa akipakua matunda huko mpaka moyo ulipomsimama. Kwenye makaratasi ya kazi alimwandika Haruna kuwa ndugu wa kuarifiwa, kwa hiyo ofisi ya meya wa mji ule ilitaka neno la Haruna, si la mwingine: mji umzike, au ndugu wamchukue. Mama yao, Shangazi Mwanaidi, alitaka mwanawe alale Tanga, ubavuni mwa baba yake. Hakuwa na neno jingine.

Nilichaguliwa mimi kwa kuwa niliwahi kusoma Italia, nikarudi na shahada ya utawala wa miji na Kiitaliano cha kuagizia kahawa. Kwenye kikao cha ukoo nilieleza kwamba meya wa kule huchaguliwa na wananchi, hufungisha ndoa, huidhinisha maziko, na kwenye shughuli rasmi huvaa utepe mpana wa rangi tatu kifuani. Wazee walinisikiliza kwa adabu. Kisha mjomba mmoja akauliza kama meya huyo anaweza kutoa gari.

Uwanja wa ndege, Dar es Salaam. Foleni ilijaa kina mama wa Kariakoo wenye mabegi matupu. Mmoja aliniuliza nafuata mzigo gani. Nikamjibu, nguo. Akanitazama viatu, akaniombea Mungu.

Guangzhou niliikuta na joto la kukaba shingo. Nilipanda metro hadi Sanyuanli, nikamkuta Haruna kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, akizungushia tepu marobota ya jinzi kutoka viwanda vya Xintang. Amekonda. Hakushangaa kuniona.

"Karibu, Profesa. Wamekutuma unikamate?"

Kumbe ujumbe wote aliupata. Alinyamaza kwa makusudi. Alinieleza, bila kuacha kufunga, kwamba katika kazi yao mzigo ukifika na anayetajwa akagoma kuusaini, unarudi ulikotoka. Shabani alitoka Tanga. Serikali ya watu matajiri itachoka kumweka, itampakia ndege.

"Nikisaini nimempokea," alisema. "Nisiposaini, watamrudisha wenyewe kwa mama."

"Haruna, mtu si robota."

"Kwao wale ni nini?"

Nikamwambia nilichokijua: kule maiti asiye na mwenyewe harudishwi. Meya husubiri jibu, lisipokuja huzika. Ni wajibu wake kisheria. Mikono ya Haruna ikasimama juu ya tepu. Ilikuwa alasiri, Italia ofisi ndiyo kwanza zinafunguliwa. Tukapiga simu palepale.

Alipokea mwanamke wa ofisi ya meya, akaongea polepole kwa kukihurumia Kiitaliano changu. Barua zilitumwa, hazikujibiwa. Meya alisaini. Shabani alizikwa Jumanne. Kwa kuwa hakuja mtu, meya mwenyewe alivaa utepe wake akafuata jeneza, yeye na wachimba kaburi. Ndivyo anavyofanya kwa wasio na watu. Anatoa pole.

"Muulize walimlaza kaelekea wapi," Haruna akasema.

Niliuliza. Yule mama akaenda kuangalia, akarudi na jibu: safu ya ukutani, karibu na bomba la maji, hatutapotea. Nilitafsiri hivyo hivyo.

"Na udongo wa kwanza alitia nani?"

Nikauliza tena, nikamtafsiria: "Meya."

Haruna akakaa juu ya robota. Mwenye ofisi, laoban wao, akaleta chai na kuiweka sakafuni, akatoka.

Jioni wafanyabiashara wa Dar, Unguja na Mombasa wakakusanyika kwenye chumba cha kupanga, wakamsalia Shabani sala ya maiti asiyekuwepo. Mkristo mmoja wa Nairobi alibaki koridoni akilinda viatu.

Siku ya kurudi Haruna alinisindikiza hadi mlango wa metro. Aliniomba mama asijue kwamba aligoma kusaini.

"Mwambie meya alikataa kumtoa."

"Yule ndiye aliyemzika, Haruna."

"Najua. Lakini yeye hatakuja Tanga kukaa na mama."

Tanga, msibani. Nilisema nilivyoombwa. Madaraka ya meya niliyasomea, nikafanya na mtihani. Hakuna aliyenifundisha kwamba mtu akishakuwa mbali vya kutosha unaweza kumtwisha lolote, naye asihisi uzito. Anayehisi uzito ni wewe uliyemtwisha.

Kina mama wakamlaani meya. Mjomba akasema alijua tangu mwanzo, meya ni meya tu. Shangazi alingoja wanyamaze.

"Huyo meya ana mtoto?"

"Sijui, Shangazi."

Akainua mikono, akamwomba Mungu amwonjeshe meya yule kuzikiwa mwana na watu baki. Baraza zima likaitikia amina. Nami nikaitikia.