Darasa la Maswali Lililofungwa

Nakumbuka siku moja ya Jumapili kule Kiminini, mwanangu, mahindi yakiwa yamefika kifuani, nami msichana niliyemaliza shule juzi tu na kujiona najua kila kitu. Nilikuwa namsaidia Mwalimu Wafula kufundisha watoto wa kipaimara. Mzee yule alitoka Bungoma, na alikuja na mambo mapya. Kile kitabu cha maswali na majibu tulichokariri sisi sote, ambacho mtoto alikitapika mbele ya askofu akapigiwa makofi, yeye alikifungia kabatini. Aliwaketisha watoto kwa duara, akawaambia waulize wao, naye asikilize. Aliwapeleka hata kumsalimia shehe wa msikiti wa Bungoma, wakarudi wakisimulia jinsi watu wanavyonawa miguu kabla ya kusali. Wazazi walinuna wiki nzima.

Jumapili hiyo akainua mkono Nekesa, mtoto wa jirani yetu. Ndugu yake mchanga alikuwa amezikwa katikati ya wiki, na kwa kuwa hakubatizwa, kanisa halikutuma mtu wa kuomba kaburini. Baba yake alifukia mwenyewe, akamaliza, akaingia nyumbani na kufunga mlango.

"Mwalimu, sasa mtoto wetu ako wapi?" aliuliza. "Kitabu inasema ati bila ubatizo haingii kwa Mungu. Na hata kuongea alikuwa hajajua."

Jibu la kitabu nilikuwa nalo tayari mdomoni. Mwalimu akanitupia jicho, nikalimeza. Kisha akamwambia, "Sijui, mama. Mimi pia huwa namuuliza Mungu hiyo, na bado hajaniambia. Lakini hiyo yenye kitabu inasema, mimi siwezi kukwambia wewe."

Akavuta kiti chake, akaketi karibu naye, na mtoto akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Hakuna aliyecheka wala kumwambia anyamaze. Nimehudhuria ibada nyingi tangu wakati huo, na sijaona iliyonigusa kuliko ile.

Habari ziliwafikia wazee wa kanisa kabla chai haijapoa. Mwalimu gani wa dini anasema hajui? Wakakaa kikao, wakamwachisha kazi, na kitabu kikarudishwa darasani. Nekesa akaambiwa akariri jibu lilelile lililomwacha ndugu yake nje. Na alilikariri, mwanangu. Alisimama akalisema lote bila kukosea, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akiuliza chochote kuhusu Mungu. Aliolewa kule Lwakhakha, mpakani, akaacha kanisa kabisa. Mimi sikumlaumu.

Sasa unajua tulivyo watu wa huku. Tukikosana kanisani hatumalizi maneno, tunavuka barabara na kusimamisha mabati mengine. Sisi vijana tulikuwa tumeshakata nguzo. Tukaenda kumwomba Mwalimu Wafula awe mchungaji wetu, tukamkuta nyumbani kwake anapukuchua mahindi.

"Nyinyi mnajenga na hasira," alisema bila kuinua kichwa. "Mkishapiga mabati, na mtoto aulize kama Nekesa, mtamjibu nini?"

"Tutaona huko mbele, Mwalimu," nikasema.

"Huko mbele ni wapi, bana? Nasimiyu, si siku ile ulikuwa na jibu ya kitabu kwa mdomo? Niliona. Utavuka nayo hiyo barabara."

Niliona haya, nikakasirika, nikarudi nyumbani. Wenzangu walijenga bila yeye. Mavuno hayajaisha, kanisa jipya likaagiza vitabu vilevile, maana wazazi walitaka watoto wao wafaulu kama wengine. Mwalimu Wafula alikufa hajaitwa tena kufundisha, upande huu wala ule.

Ndiyo maana uliponijia jana hapa Kitale na macho mekundu, ukaniambia kamati ya kanisa imelifunga darasa lako la vijana, nilimkumbuka Nekesa. Darasa lenye watoto wa makanisa yote, na wale wa mtaa wa mabanda wa Kipsongo wasiokaribishwa kwenye viti vya mbele, na hata Waislamu wawili, wakichora na kubishana na kukutumia maswali kwa simu. Na kosa lako? Kijana ambaye baba yake alijitoa uhai alikuuliza kama Mungu amemtupa baba yake, nawe ukakataa kusema ndiyo. Nilidhani nitaishi nione jambo hili likibadilika. Sijaliona. Nimechoka, mwanangu, na ziko siku naomba na kujiuliza kama kuna anayesikia. Sasa unaniambia vijana wako wamekasirika, na tayari mmepata hema la kuanzisha kanisa lenu.

Liacheni kwanza hilo hema. Nasaha yangu ni hii: mtoto akikuuliza, usimpe jibu ambalo wewe mwenyewe linakunyima usingizi. Kama hujui, mwambie hujui, halafu usiondoke. Wakikunyima chumba, waite jikoni kwako. Wakikukataza jikoni, ongozana nao wakienda shamba. Akibaki mmoja, fundisha huyo mmoja. Siahidi kwamba utashinda, maana mimi sijamwona aliyeshinda, na sitaki kukudanganya katika umri huu. Lakini kila mnapogombania viti na mabati, kuna mtoto anayejifunza kwamba swali lake ni aibu.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe moyo usioogopa kikao, na akupe mtu wa kukaa nawe siku utakapoishiwa maneno. Yule kijana aliyefiwa na baba hajui lolote kuhusu hema lenu. Nenda kwake leo, kabla hajajifunza kunyamaza.