Nyuso Zilizobaki Bila Majina

Kesho yake baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, mimi na mwenzangu wa kazi tulikwama ndani ya maktaba, upande wa Kibera unaopakana na Ayany. Tulikuwa tumekuja kuangalia kama mashine zetu zimeibwa. Kufumba na kufumbua, barabara ikazibwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Sikuwa na njia ya kurudi kwangu Kawangware.

Kazi yetu wakati huo ilikuwa kuingiza picha za kale za wenyeji kwenye kompyuta. Watu walituletea za harusi, za mazishi, za vibanda vya kwanza vya mabati. Tuliziskani, kisha tukachapa chini yake jina la mwenyewe na mahali anapoishi. Ukiandika jina, picha inajitokeza papo hapo. Vijana wa mtaa tuliwafundisha sisi wenyewe kutafuta.

Adhuhuri kundi la vijana lilifika dirishani. Mmoja nilimjua, alizoea kuja kusoma magazeti.

"Sasa, sista," alisema. "Hiyo mashine yenu bado inafanya?"

"Hakuna stima."

"Ikirudi, tutaingia. Tunataka kujua nyumba za hao watu waliotuibia kura ziko wapi. Si majina yao yako humo?"

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayetafuta kitabu. Wakaondoka, lakini wawili wakaachwa mlangoni.

Mwenzangu, mama wa kabila la wale vijana, kutoka kando ya Ziwa, aliketi sakafuni akavua viatu.

"Mimi wataniacha nipite," aliniambia. "Lakini jirani niliyemwachia watoto kule Soweto East, humu humu Kibera, ni wa kabila la hao wanaotafutwa. Picha yake niliiingiza mimi, na jina, na mlango."

Alasiri taa ndogo ya skana iliwaka. Balbu tulikuwa tumezizima, kwa hivyo wale wawili hawakugundua. Niliwasha kompyuta. Nilitaka kunakili majina kwenye flashi kabla ya kuyafuta, niifiche ndani ya nguo.

"Na wakikupekua?" mwenzangu aliuliza.

Niliirudisha flashi mezani. Picha hatukuzigusa, maana baadhi ya wenyewe hawakuwa na nyingine. Majina tuliyafuta yote, yeye akininong'onezea, mimi nikibonyeza. La jirani yake lilipofika hakulitamka. Aliligusa tu kwa kidole.

Wale vijana walirudi, wakasukuma mlango. Yule msomaji wa magazeti alipitisha nyuso kwenye skrini, moja baada ya nyingine.

"Majina yameenda wapi?"

Mwenzangu alimjibu kwa lugha ya kwao. Nilichoelewa ni "stima" na "kompyuta" tu. Kijana akachomoa skrini, akaikumbatia kifuani, wakaenda zao.

Barabara ilipofunguliwa tulimkuta jirani kanisani, amejificha na watoto wote, wake na wa mwenzangu.

Miezi ilipopita na mambo yakatulia, tulitafuta skrini nyingine na kuwaomba watu waje watutajie tena majina. Wengi walikuwa wamehama. Siku moja mama mmoja wa Ayany alimwona marehemu mumewe kwenye skrini, bado kijana, amesimama mbele ya duka lake. Alitabasamu. Nikaweka vidole kwenye kibodi, nikamwuliza aliitwa nani.

"Wacha tu akae hivyo," alisema. "Usimwandike."