Shati Linanuka Pombe Ambayo Sikunywa

Jamani, leo nimefika kwenye ibada nikinuka pombe, na sijaonja hata tone.

Msicheke kwanza.

Tangu niokoke sigusi mrija wa pombe, na baba yangu anajua. Asubuhi nimempitia hapa Turwa kumsalimia, nikamkuta na wazee wenzake wamezunguka chungu cha pombe.

"Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Kunywa hunywi, sawa. Njoo basi nimbariki mtoto wa Rhobi."

Rhobi ni mke wangu. Ana mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika.

Mzee akavuta pombe kwa mrija, akajaza mdomo, akanipulizia kifuani, kwenye shati la kaki nililorudi nalo kutoka vita vya Burma. Ndivyo wazee wetu wanavyobariki. Ningemkwepaje? Mzee mwenyewe alikuwa analia.

Kanisani mwalimu wa dini akanusa, akasimamisha wimbo. Nikaeleza yote, nikidhani nimejiokoa. Kumbe ndiyo nimeharibu!

"Afadhali ungekunywa, tungekuombea," akasema. "Hiyo ni ibada ya mizimu. Nenda kaoshe hilo shati, kisha urudi utubu mbele ya wote."

Nikainuka. Mlangoni Rhobi, ambaye ndiye aliyenivuta kwenye wokovu, akanishika mkono.

"Mwita, usilioshe."

Sasa niko mtoni. Nikiliosha, mke wangu nitamtazamaje? Nisipoliosha, sirudi ndani.

Ninyi mngefanyaje?

Wimbo wameuanza tena, nausikia hadi huku. Shati nimelivua, liko mkononi.

Bado kavu.