Mashine ya Najat Haina Dawa

Usije ukamwambia Najat Kudura kwamba mashine ina bahati. Atakuuliza bahati inakaa wapi, kwenye kabureta au kwenye plagi, na ukikosa jibu atakurudishia mashine yako vipande vipande uende ukaifunge mwenyewe. Watu wa Kibara wanasema mwanamke huyu ana mdomo. Anao kweli. Ungetendewa aliyotendewa yeye, hata wewe ungeota wa pili.

Najat ni fundi wa mashine za mitumbwi, hizi za kufunga nyuma, tuu-stroki, zinazokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kupiga kelele mpaka mtu wa mbali ajue nani anarudi na nani anatoka. Ufundi aliupata kwa baba yake, mzee Kudura, aliyekuwa na karakana Bunda mjini. Alianza kwa kumshikia tochi, halafu spana, halafu mzee macho yalipoanza kufifia akawa anafanya kazi yeye na sifa anapokea mzee. Mzee alipofariki, kaka zake waligawana karakana kama nyama ya shughuli. Huyu vaisi, yule seti ya spana. Najat aliachiwa tupa moja ya duara na kipande cha kioo kinene, kwa sababu hawakujua kioo kile ni cha nini. Wajinga wale! Kwenye kioo hicho unalaza msasa, juu ya msasa unasugua hedi, kile kifuniko cha silinda, taratibu, mpaka ipungue unene. Mgandamizo unapanda, na mashine iliyozoea kubeba dagaa inaanza kukimbia kama imetukanwa.

Akahamia Kibara, kando ya ziwa, kwa sababu huko ndiko mashine ziliko. Alitandika turubai mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, juu ya mchanga, na hapo ndipo hasira zake zilipopata makazi. Fundi wa mashine hana adui kama mchanga. Upepo wa ziwa ukivuma wakati silinda iko wazi, punje moja inatosha kukwangua pistoni. Mwaka juzi ilimtokea. Mashine aliyoifunga asubuhi ilijikamata, pistoni ikagoma kwenda, katikati ya maji ikiwa na watu. Hawakuzama, walipiga kasia wakarudi, lakini maneno waliyorudi nayo! "Nilisema mimi, mkono wa mwanamke kwenye mashine ni nuksi." Hakuna aliyetaja mchanga. Fundi Pastory, aliyekuwa akifungulia mashine zake pale pale juu ya mchanga ule ule, zilipomfia mbili mfululizo watu walimpa pole.

Kwa hiyo kamati ya mwalo ilipomaliza kujenga banda la fundi, la matofali, sakafu ya saruji na mlango wa chuma, Najat alilitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Banda moja, mafundi wawili. Pastory alisema yeye ni mwenyeji. Najat alisema mashine hazijui mwenyeji. Walitupiana maneno mpaka mwenyekiti wa mwalo, mzee Mugeta, akachoka, akatoa uamuzi wake: mashindano ya mitumbwi ya sikukuu yako karibu, fundi ambaye mashine yake itatangulia ndiye atakayepewa ufunguo.

"Sawa, mzee," alisema Najat. "Lakini hilo neno liseme mbele ya watu. Siyo hapa tuko watatu, halafu kesho useme ulikuwa unatania."

Mzee Mugeta hakupenda kuambiwa hivyo, lakini alilisema mbele ya watu.

Mashindano yao hayana kona wala kuzunguka. Mitumbwi inapangwa kando ya ufuko, kila mmoja umeshikwa ubavuni na wanaume waliosimama majini, mashine zinanguruma, filimbi inapulizwa, wanaachia. Ni mstari mmoja ulionyooka mpaka kwenye madumu ya njano yaliyofungiwa mawe, basi, imekwisha. Pastory alipewa mashine mpya ya tajiri wa dagaa. Najat akapata ya Masatu, mvuvi mmoja aliyehamia kutoka Kiriba, mashine iliyochakaa mpaka rangi yake ya kwanza imesahaulika. Masatu alikubali kwa sababu hakuna fundi mwingine aliyeitaka, na Najat alilijua hilo, na lilimchoma, na akaichukua hivyo hivyo.

Akaifanyia kazi akiwa amejifunika turubai pamoja na mashine yenyewe, joto la kuua, ili upepo usipate pa kupita. Akaisugua hedi. Akayapanua matundu ya moshi kwa tupa ya marehemu baba yake, kidogo kidogo, maana ukizidisha hapo hakuna kurudi. Akabadili jeti ya kabureta, kale katundu kanakopitisha petroli. Akaiwasha ndani ya pipa la maji, akaizima, akafungua plagi akaitazama rangi. Plagi ikiwa nyeusi, inakunywa kupita kiasi. Ikiwa nyeupe, inaungua. Yeye alitaka kahawia ya chapati iliyoiva, na hakuacha mpaka alipoipata.

Kuijaribu majini ilikuwa kazi ya Clever, shemeji yake Masatu, ambaye ndiye angeiendesha siku yenyewe. Najat hakuruhusiwa kukanyaga mtumbwi. Eti mwanamke akiingia, samaki wanakimbia.

"Kwani mnashindana kuvua?" aliwauliza.

Hawakubadili msimamo. Basi akawa anasimama ufukweni, mtandio umekazwa kichwani, anasikiliza. Clever akirudi anamsomea makosa yake yote kana kwamba walikuwa wamekaa ubao mmoja.

"Ulilegeza mkono ulipokaribia dumu. Kwa nini?"

"Niliogopa itajikamata, dada. Hizi zikipandishwaga sana zinajikamata."

"Ningekuwa ndani yake mimi nisingelegeza. Uoga wako uuache kwa mkeo."

Clever alicheka, lakini safari iliyofuata hakulegeza, na mashine ikalia mlio mmoja mrefu kutoka ufukweni mpaka kwenye madumu. Najat aliufunga mkono wa mashine kwa kamba, akamwambia Masatu asiiguse.

Masatu akaigusa.

Asubuhi ya sikukuu waliiwasha, ikakohoa. Ikatoa moshi mweusi, ikagugumia, ikataka kuzimika. Ufuko ulishajaa watu, wengine wametoka Bunda mjini, spika inapiga muziki, na Pastory akapaza sauti makusudi: "Dada, hiyo ni mashine au jiko la mkaa?" Watu wakacheka. Najat alifungua plagi, nyeusi tii, imelowa. Akajilaumu kwanza yeye mwenyewe. Akasema nimekosea jeti, nimeua mashine ya watu, banda limekwenda. Halafu akafungua kifuniko.

Mbele ya mdomo wa kabureta, pale pale inapovutia hewa, kulikuwa na kifurushi cha kaniki kilichofungwa kwa uzi mwekundu. Kimebanwa vizuri kabisa, kwa upendo. Jana yake Masatu alikuwa amevuka na kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe kwa mtaalamu wake, na mtaalamu alimwambia akiweke mahali mashine inapopumulia, ili nguvu iingie pamoja na pumzi. Na mwanamume mzima akafanya hivyo, akaiziba mashine pua!

Najat aligeuka kumtazama. Masatu alikuwa amevaa shati jipya, anapeana mikono na watu, anatabasamu kama baba wa bwana harusi. Najat alitamani kumsokomeza kile kitambaa mdomoni. Lakini alimjua: akijua dawa imetolewa, anauvuta mtumbwi nchi kavu, hashindani, na banda anakabidhiwa Pastory bila jasho. Akakitia kifurushi mfukoni mwa ovaroli. Akabadili plagi, akafunga kifuniko. Kwa ghadhabu, bolti moja ikamponyoka mara mbili.

"Ilikuwa nini, dada?" Clever aliuliza. Alikuwa amemwona.

"Uchafu. Ingia ndani, na usilegeze."

Filimbi ikapulizwa. Mashine mpya ya tajiri ilitangulia kutoka, watu wakapiga kelele jina la Pastory. Halafu ile ya Masatu ikakamata. Pua ya mtumbwi ikanyanyuka, wale wanaume walioachia wakaangushwa na maji, na mlio ule mmoja mrefu ukapanda na kubaki juu. Clever hakulegeza. Walipofika katikati walikuwa sambamba, na kwenye madumu mtumbwi wa tajiri ulikuwa unalamba mawimbi ya Clever. Najat alikuwa anapiga kelele bila kujijua, ngumi zote mbili hewani, mtandio uko mabegani.

Sasa sikiliza walivyomfanyia.

Masatu alipewa kipaza sauti. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru shemeji yake. "Na kwa namna ya pekee," akasema, "namshukuru mtaalamu wangu wa Ukerewe, simtaji jina, lakini kazi yake mmeiona wenyewe!" Ufuko ukalipuka kwa vifijo. Vigelegele, filimbi, watu wanarusha kofia. Najat alisimama pale, grisi mpaka kwenye viwiko, akisubiri kusikia jina lake. Masatu akarudisha kipaza sauti. Kikachukuliwa na mzee Mugeta, akakohoa kidogo.

"Ndugu zangu, kuhusu lile suala la banda. Kwa hali tuliyoisikia, imeonekana ushindi huu siyo wa fundi. Kwa hiyo kamati itabidi ikae upya."

"Ikae wapi?" Najat alishafika mezani. "Mzee Mugeta, shikamoo, na unisamehe, lakini ikae wapi? Ulisema mbele ya watu hawa hawa!"

"Tulia, binti. Mwenye mashine amesema mwenyewe."

"Mwenye mashine ni mpumbavu!" Akaingiza mkono mfukoni, akakibwaga kifurushi juu ya meza, katikati ya chupa za soda. "Dawa yenu hiyo hapo. Aliiziba mashine hewa mpaka ikawa inakufa. Nimeitoa asubuhi. Mashine imekimbia bila dawa, mmenielewa? Bila! Clever, waambie, si uliniona?"

Clever alitazama vidole vya miguu yake.

Najat alingoja, anahema, akidhani sasa watu wazima hawa wataona aibu. Halafu mama mmoja nyuma kule akasema, taratibu, kama aliyegundua jambo: "Kumbe alikuwa nayo yeye mfukoni."

Likasambaa. Alikuwa nayo yeye. Kainyang'anya, akaishika mwenyewe. Ndiyo maana. Tangu zamani nilikuwaga namshuku huyu. Waliokuwa karibu na meza wakarudi nyuma, na mzee Mugeta, mzee wa kanisa, jasho linamtoka, akatoa ufunguo mfukoni na kuurusha mchangani mbele ya miguu ya Najat.

"Chukua, mama. Banda lako hilo. Yaishe."

Dakika moja nyuma alikuwa binti, sasa amekuwa mama. Najat aliutazama ule ufunguo.

"Nipe mkononi."

Mzee akaficha mikono nyuma.

"Nimesema nipe mkononi, mzee Mugeta! Mimi siyo mchawi. Mimi ni fundi, nimeshinda, nipe mkononi kama mtu!"

Hakumpa. Na Najat hakuinama. Alikwenda kwenye turubai lake, akachukua nyundo na tindo, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimkwepa, mpaka kwenye mlango wa chuma. Akalipiga kufuli. Likakataa. Akalipiga tena, akilia machozi ya hasira hadharani, hajali nani anaona, mpaka likakatika. Akasukuma mlango, akaanza kuhamisha vyombo vyake.

Watu hawakuondoka. Walisimama mbali wakitazama. Mwisho Masatu akajisogeza, akasimama hatua kadhaa kutoka mlangoni.

"Dada, mimi naomba mashine yangu tu. Kesho naingia ziwani."

"Ichukue, iko kwenye mtumbwi wako. Lakini nikwambie. Hiyo nimeipandisha kwa ajili ya mbio fupi. Ukiibebesha nyavu na watu ukaipeleka mbali, inayeyusha pistoni, na utakuwa katikati ya maji. Lazima irudishwe ilivyokuwa."

"Itarudishwaje?"

"Kamuulize wa Ukerewe."

Masatu akamtazama Pastory, Pastory akatikisa kichwa. Hata yeye hakujua ndani ya mashine ile kumefanywa nini. Masatu akaenda mtumbwini. Akarudi na Clever, wameibeba mashine begani, mmoja mbele mmoja nyuma. Najat alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika fremu.

"Nani aliitengeneza hii, kaka Masatu?"

"Dada, ni nzito."

"Najua uzito wake, naibebaga peke yangu. Nani aliitengeneza?"

"Wewe."

"Mimi nani?"

"Fundi Najat," alisema Masatu, chini chini.

"Ulipokuwa unamshukuru mwenzio ulikuwa na kipaza sauti. Geuka, uwaambie hao."

Masatu aligeuza shingo, mashine ikimchimba bega. "Ametengeneza fundi Najat!"

"Na dawa?"

Clever, huku nyuma, akasema, "Shemeji, sema. Mimi niliona anaitoa."

"Dawa ilikuwa imeziba hewa!" Masatu alipiga kelele, sauti imempasuka. "Niliziba hewa mimi mwenyewe!"

Najat akatoa mkono mlangoni.

"Haya," alisema. "Ingizeni."