Madoa kwenye Miguu ya Dobi

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada, ni dobi, na kwa ubishi hana mpinzani. Anaishi peke yake nyuma ya chumba chake cha kazi, na kutwa nzima husimama mezani akipiga pasi. Raha yake ilikuwa moja tu: Jumapili kwenda kwa binti yake kumbeba mjukuu.

Siku moja akaona madoa kwenye miguu yote miwili, kuanzia vifundoni hadi chini ya magoti. Yalikuwa mekundu yanayoelekea zambarau, mengine yamevimba kidogo, yakiwasha na kuchoma. Akajiamulia kwamba yanaambukiza. Hakumwuliza mtu. Alivaa soksi ndefu, akamwambia binti yake kazi zimemzidi. Kila Jumapili simu ililia, na kila Jumapili kazi zilikuwa zimemzidi. Nikamtania kwamba amepata mchumba. Hakucheka, na huyu bwana hucheka hata vichekesho vyangu vibovu.

Nilipomwona anachechemea, nilimburuta hospitali. Daktari alikandamiza kioo juu ya madoa, hayakufifia.

"Mzee, hii ni damu iliyovuja chini ya ngozi. Kinga ya mwili wako imeshambulia mishipa midogo ya damu, nayo mishipa ikavimba. Ulikunywa dawa gani karibuni?"

"Za koo tu. Nilikuwa naumwa koo."

"Huenda ni koo lenyewe, au hizo dawa. Wengine hatuwapatii chanzo kabisa."

Akampima mkojo, maana ugonjwa huu unaweza kufika kwenye figo. Zilikuwa salama. Akamwambia asinywe tena dawa zile, apunguze kusimama, na akilala aweke miguu juu ya mto.

"Na mtoto mdogo, hatapata?"

"Hauambukizi, mzee. Hata kidogo."

Shemeji akalia palepale, mtu mzima yule, nami nikamwonea huruma mpaka nikakosa utani.

Madoa yakafifia, yakaacha alama za kahawia. Jumapili tukaenda. Binti alimkumbatia, akasema, "Baba, nilidhani umetuchoka." Mjukuu, aliyemwacha akiwa bado anatambaa, alikuja akitembea mwenyewe. Shemeji akapiga magoti, akafungua mikono. Mtoto akamtazama, akajificha nyuma ya mama yake, akaangua kilio.

"Ni babu huyu, mwanangu. Nenda kwa babu," binti akambembeleza, akimsukuma mbele.

"Mwache," shemeji akasema, bado kapiga magoti. "Mimi ndiye niliyeanza kumkimbia."