Uso Aliotaka Kuuchora Mwalimu

Tulikuwa wanne chumbani. Mwalimu mwenyewe, Mjerumani, msanifu wa majengo, alikuwa kitandani. Binti yake alikuwa amekuja kwa ndege kutoka kwao. Mwanangu ndiye aliyeajiriwa kumwogesha na kumlisha. Na mimi, mama wa mwanangu, nilifuata tu, maana nyumba yetu ya Greenbelt, huku ughaibuni, mchana ni kimya mno. Majina ya wote ninayo, lakini wengine wamelala, siwaamshi.

Mwalimu alifundisha kuchora kwa mkono chuo kikuu. Darasani mwake raba ilikuwa marufuku. Mstari ukikosea, uache, chora mwingine kando yake. Hayo niliambiwa na mkewe tukichambua maharagwe, kabla ugonjwa haujamchukua. Kiingereza changu cha kuokota, chake cha Kijerumani, na tulielewana.

Basi mke alipozikwa, Mwalimu akaanza kusahau. Kwanza funguo, halafu njia ya dukani, halafu uso wa mkewe. Picha za ukutani akasema ni za wageni. Akaomba penseli amtafute mwenyewe.

"Shosho, ni yeye?" Aliniita vile wajukuu wangu wanavyoniita.

"La, Mwalimu. Huyu ana pua ya shemeji yangu, na shemeji hakuwa mzuri."

Alicheka mpaka akakohoa, akachora tena. Mistari ikapandana, karatasi ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni.

Siku hiyo tukiwa wote wanne, akaweka penseli chini. "Nipeni raba."

Binti yake akageukia dirisha. Nyumba nzima haikuwa na raba. Mwanangu akapekua mkoba, akapata ya mtoto wake wa shule. Mwalimu akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Akachukua nyingine, akachora uso mdogo wa mama fulani.

"Ni yeye?"

Hakuwa yeye. Hata kidogo.

"Ndiye, Papa," binti akasema.

Mwalimu hakumtazama. Alinitazama mimi. "Shosho?"

Nikasema, "Ndiye, Mwalimu."

Akailaza karatasi kifuani, upande wenye uso ukiwa chini, asiuone tena. Hakuchora tena mpaka alipofariki, na tulimzika nayo.

Nyinyi mliokuwepo, mimi ndivyo ninavyokumbuka, kwamba aliigeuza. Kama sikuona vizuri, nirekebisheni. Naomba sana iwe sikuona vizuri.