Kitenzi Alichokosea Norma

Norma Schrader hakuwa mtu wa kutulia, na tangu Jumapili ile hata kiti kilimshinda. Aliosha vikombe visafi, akafungua mlango wa nyuma, akatazama shamba la ngano iliyokwisha vunwa, akaufunga tena.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na minane, mzaliwa wa Kansas magharibi, na Kihispania alikianza kwa ajili ya mjukuu. Mwanawe Dale alimwoa Yesenia, na mtoto wao akawa anaongeleshwa Kihispania tu. Kila Alhamisi Norma alikwenda maktaba, darasani kwa mwalimu Baltazar, akarudi na orodha za vitenzi za kubandika kwenye friji.

Jumapili ile, mjukuu akitimiza miaka miwili, alimfuata Eulalia, mama yake Yesenia, amweleze kwa nini hakuonekana kwenye ubatizo wa mtoto. "No quise venir," sikutaka kuja, alisema, akijivunia sentensi nzima. Eulalia akaweka chini sahani ya tamale, vile vitumbua vya unga wa mahindi vinavyofungwa kwa maganda yake, akampa mgongo, akaingia jikoni.

Alhamisi hakungoja hata kuvua koti.

"Mwalimu, nilimwambia mkwe no quise venir. Nimeharibu wapi?"

Baltazar akashika kichwa. "Lo, Bi Norma! No quería ni kwamba hukuwa na hamu. No quise ni kwamba uliitwa, ukakataa katakata. Ungesema no pude, hukuweza, yakaisha."

"Bi Norma kamchinja mkwewe kwa kitenzi!" akadakia mwanafunzi mmoja, darasa likaangua kicheko.

Norma hakucheka. Alizunguka mtaa wa Eulalia mara tatu, akikariri no pude, no pude, usukani ukimteleza kwa jasho. Hukuweza nini, Norma? Siku ya ubatizo alifika mpaka nje ya kanisa, kavaa vizuri, kisha akakumbuka kwamba dhehebu na jina la mtoto viliamuliwa bila yeye kuulizwa. Akawasha gari, akaondoka.

Eulalia alifungua mlango, mikono imejaa unga wa mahindi.

"Yesenia kaniambia ulikosea kitenzi tu, mkwe."

"Sikukosea." Kihispania kilimkwama, akakisukuma. "Nilikataa. Nilifika, nikakataa kuingia. Nisamehe."

"Nilikuona kupitia dirisha la kanisa," Eulalia alisema. "Nikamwomba padri akungoje. Alingoja dakika kumi."

Norma akakosa pa kutazama.

"Ingia basi, baridi inaingia. Kaa."

"Siwezi kukaa."

"Simama, lakini mikono ifanye kazi," alisema Eulalia, akamsukumia beseni la maganda ya mahindi.